Waliolala Chini ya Bustani Yangu

Mwanangu Nyamizi,

Barua hufunguliwa kwa kusema kwamba mwandishi ni mzima wa afya na hana wasiwasi ila juu ya huyo anayeandikiwa. Mimi ni mzima wa afya, lakini naogopa, na leo ni siku ya tatu mimi na wewe hatusemezani. Asubuhi umeniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, basi, ukashika ndoo ukatoka. Nilistahili.

Sasa hivi umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na ninavyomjua, hakuachii mpaka ule mara mbili. Mama yako yuko uani anakupangia kikapu. Mimi nimekaa barazani na karatasi nilizochana katikati ya daftari lako la zamani, na penseli yangu ya kazi, ile nene ya kuchorea kuta. Kwa hiyo usinicheke kwa ukubwa wa herufi. Jua bado liko juu, na nataka nimalize kabla hujarudi, maana ukinikuta naandika utaniuliza naandika nini, nami nitasema hesabu za matofali.

Sitakuandikia habari za kulinda mzigo ndani ya treni wala kutopokea chakula cha mtu usiyemjua. Mama yako amekwambia yote hayo tangu Jumapili, mengine mara nne. Mimi nataka kukueleza kwa nini nilipiga kelele Jumatatu.

Tulikuwa tunakula. Ukafungua ile barua ya rafiki yako mliyekuwa naye jeshini, aliyekutangulia chuoni, ukatusomea kwa sauti. Kwamba mboga mjini zimekuwa haba. Kwamba wanachuo wameruhusiwa kuligeuza paa la bweni kuwa bustani, na wanatafuta vijana wa kujitolea wafike wiki tatu kabla ya masomo, wabebe udongo kwa madebe, ghorofa nne, mpaka juu. Na kwamba wewe ulikwisha kujibu kuwa utakwenda. Ukasema, "Baba, sasa nitakuwa mkulima wa mawinguni," na mama yako akacheka.

Mimi nikasema, "Hutakwenda."

"Kwa nini, Baba?"

"Nimesema hutakwenda!" Nikasukuma sinia, mlenda ukamwagika mkekani.

Ukaniambia, kwa adabu kabisa, "Baba, lile ni zege, si bati. Na wahandisi wameliangalia." Nikavaa kanzu nikatoka kama mtu anayewahi msikitini, na kumbe hata adhana ilikuwa bado.

Usidhani nachukia kujitolea. Mimi nimejitolea mpaka magoti yakaota sugu. Madarasa mawili ya shule ile ya kijijini kwetu nimeyajenga mimi na wenzangu bila senti, mwaka wa kwanza wa Uhuru, tukiimba. Wala sichukii wewe kwenda chuo kikuu. Jina lako lilipotoka nilizunguka soko zima la Tabora nikijifanya natafuta misumari, ili tu watu wanipe hongera. Kilichonishika Jumatatu ni woga, na woga ule nimeuficha miaka mingi sana, nikautolea sauti ya ukali kwa sababu sauti nyingine sikuwa nayo.

Unajua kwamba mafundi wenzangu wananiita Fundi Sakafu. Unajua kwamba nachimba msingi, namwaga sakafu, napandisha ukuta, na nikifika usawa wa kizingiti cha juu cha mlango nashuka, namwachia mwenzangu amalizie. Ulipokuwa darasa la tatu uliniuliza kwa nini sipandi juu ya paa, nikakwambia nina kizunguzungu. Sina kizunguzungu, Nyamizi, sijawahi kuwa nacho.

Ulizaliwa kijijini, ng'ambo ya Goweko, katika tembe. Wewe umekulia chini ya mabati, kwa hiyo nikueleze. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa la kulala, siyo la mgongo. Juu ya kuta na nguzo unalaza boriti za miti, juu ya boriti fito, juu ya fito nyasi, na juu ya nyasi unashindilia udongo. Ni nyumba ya baridi nzuri wakati wa jua. Lakini ina sharti lake. Kila mwaka kabla ya mvua, watu wa nyumba hupanda juu wakapara udongo wa zamani na majani yaliyoota, wakaushusha wote chini, ndipo waweke mpya. Na udongo mpya hupimwa kwa mkono wa mama mkubwa wa nyumba: shubiri moja, basi, usizidi. Kwetu mkono huo ulikuwa wa mama yangu, bibi yako, ambaye umepewa jina lake. Yeye alikuwa hakuiti Nyamizi. Alikuita "somo yangu," mkagawana kiti, mkagawana karanga, mkalala jamvi moja.

Baba yake alikuwa mpagazi. Alitembea mpaka Bagamoyo na kurudi, na Ujiji pia, na pembe za ndovu begani. Bibi yako alipenda kusema kwamba watu wana ule msemo wao, mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na kwamba baba yake alikuwa akiwajibu, "Mpeni, lakini mwacheni kwanza aunyanyue." Hakukubali kamwe mtu mwingine amfungie mzigo wake. Nilisikia kisa hicho mara nyingi mno, mpaka nikawa namtania bibi yako kwa kukimalizia kabla yake.

Mimi nilikuwa kijana, nimerudi kutoka mjini ambako nilimtumikia fundi mmoja wa Kihindi. Nimejua saruji, nimejua timazi, nina futi ya kukunja mfukoni, ya mbao, yenye bawaba za shaba. Kijiji kizima hakikuwa na futi nyingine. Nadhani umeshaanza kuniona nilivyokuwa.

Na tulikuwa na shida ya mboga. Ukipanda mchicha mbuzi wanakula, ukizungushia miiba kuku wanapita chini. Siku moja nimekaa nje nikatazama paa letu, pana, limenyooka, jua linalipiga kutwa, mbuzi hawafiki. Nikajiambia, kumbe shamba tunalo kichwani! Nikapandisha samadi. Nikapandisha udongo mweusi wa bondeni juu ya ule wa zamani. Ulipofika wakati wa kupara sikupara, maana ningeparaje mbolea niliyoihangaikia? Nikaongeza. Nikapanda mchicha, nyanya, na bamia ukingoni. Kiangazi mama yako akawa anapandisha maji kwa mtungi kila jioni, nami namwagilia.

Ikaota, Nyamizi. Sijaona nyanya kama zile tena. Rafiki yangu Kulwa, tuliyekua naye tangu utotoni, nyumba yake ya tatu kutoka kwetu, akaja akaona, akaenda akafanya vivyo hivyo kwake. Mwenyekiti naye akaja kuona. Kisha akaleta bwana shamba, na bwana shamba akaleta wageni kutoka wilayani. Walipanda ngazi mmoja mmoja, wakachungulia, wakapiga makofi. Mmoja akaandika katika kijitabu chake, akasema mbele ya watu, "Huyu ndiye mfano wa kujitegemea." Wakaahidi kurudi na wageni wengine, wakubwa zaidi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ya siku ile. Nakwambia hili kwa sababu sitaki udhani nilikuwa mjinga tu au mvivu. Nilikuwa na furaha, nilisifiwa, na nilitaka kusifiwa tena.

Mwaka wa pili bibi yako, na uzee wake, alipanda ngazi mwenyewe. Akachomeka fimbo ukingoni mwa paa mpaka ikagota kwenye nyasi, akaichomoa, akaipima kwa mkono.

"Shubiri mbili na vidole vitatu," akasema. "Shusha."

"Mama, zama za shubiri zimekwisha. Mimi nina futi."

"Basi pima kwa hiyo futi yako."

Sikupima.

Asubuhi nyingine, mawingu yameanza kukusanyika upande wa Ujiji, akatoka ndani akiwa amejishika kiuno. "Boriti ya katikati imelia usiku."

"Mchwa hao, mama."

"Mchwa hawalii, mwanangu. Mchwa wanatafuna."

Nikamwambia nitaitazama. Wageni walikuwa waje Jumamosi, na nyanya ndiyo kwanza zinaanza kuwa nyekundu. Ningeshusha udongo ule wote, Jumamosi wangekuja kuona nini? Nikasema moyoni, wakishaondoka, Jumapili napara. Nakuapia kwamba nilipanga Jumapili.

Mvua ikaja Alhamisi, alasiri. Mimi nilikuwa shuleni najitolea, napanga tofali za darasa la pili. Mama yako alikuwa kisimani. Ilinyesha kama wanavyomwaga maji ya kufua, yote kwa mara moja, na sisi kule shuleni tulikuwa tunacheka kwa sababu tulikuwa tumeingoja. Ndipo nikasikia watu wanapiga yowe upande wa kwetu.

Tulifukua kwa majembe, kisha nikawazuia nikasema tufukue kwa mikono. Udongo ule, nilioupandisha mwenyewe karai kwa karai, ulikuwa mzito kama mauti. Tulimkuta bibi yako amepiga magoti, ameikita mikono yake chini, mgongo uko juu, boriti iko mgongoni. Wewe ulikuwa chini ya kifua chake. Ulikuwa na miaka minne. Mdomo umejaa udongo, na ulipotolewa ulianza kulia, na mimi niliposikia unalia nilikaa chini kwenye tope. Yeye alikuwa ameshakufa.

Ile ndoto yako ya mvua ya udongo, ambayo mama yako hukwambia umelala vibaya, si ndoto. Tulikudanganya. Tulikwambia pia kwamba bibi yako alikufa usingizini kwa uzee. Nisamehe kwa yote mawili, ingawa la kwanza ndilo lililoniuma zaidi, maana nilikuwa nakuona unaamka umeshika koo, nami nalala kimya upande wa pili wa pazia nikijifanya sijasikia.

Watu wamesimama kwenye mvua, mtu mmoja akauliza, "Imekuwaje?"

Nikasema, "Mchwa."

Neno lilitoka tu. Lakini likishatoka sikulirudisha. Mwenyekiti akatikisa kichwa akasema mchwa wa mwaka ule walikuwa wabaya, na wengine wakaitikia, kwa sababu hakuna nyumba isiyo na mchwa. Tukazika. Wageni hawakuja Jumamosi, waliletewa habari za msiba.

Ningekuwa nimeishia hapo ningekuwa na kosa moja. Siku ya nne ya matanga nilitoka nje, nikainua macho, nikaona paa la Kulwa. Mchicha umesimama, kijani kibichi. Mvua ilikuwa haijakoma tangu Alhamisi. Mke wake alikuwa ndani na watoto watatu, na mwingine tumboni.

Nilichotakiwa kufanya ni kwenda mlangoni kwake niseme, "Kulwa, si mchwa. Ni udongo na maji. Mtoe mkeo nje." Maneno hayo hayachukui hata muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Nilisimama pale nikajaribu kuyasema kwa sauti ndogo, peke yangu, na hayakutoka. Kwa sababu nikiyasema, ndio nimesema nani alimuua mama yangu.

Basi nikachukua jembe. Nilipanda kwa Kulwa bila hodi nikaanza kupara bustani yake yote, nikatupa chini mchicha, nyanya, udongo, kama mwendawazimu. Mke wake akatoka analia. Kulwa akaja mbio kutoka shamba.

"Wewe! Una nini?"

Nikaendelea kupara.

"Paa lako limeliwa na mchwa, langu unalila wewe!"

Watu wakajaa. Nikaitwa mbele ya wazee. Wakaniuliza kwa upole, maana nilikuwa mfiwa, nini kimenipata. Nikanyamaza. Mmoja akasema huzuni imenipanda kichwani. Mwingine akasema huyu hana huzuni, huyu ana kijicho, bustani yake imeharibika anataka na za wenzake ziharibike. Hilo la pili likashika. Baadaye likaongezewa, kama ilivyo kawaida, mpaka ikawa huenda hata mama yake amemtoa kafara mwenyewe. Nikakubali kuitwa mwenye kijicho, nikakubali kunong'onwa kuwa mchawi, kuliko kusema neno moja.

Na unajua Kulwa alifanya nini? Aliurudisha udongo, wiki ile ile. Kwa hasira aliurudisha mzito kuliko mwanzo. Ningemlaumuje? Mtu amekupandia nyumbani kwako akakuharibia mali bila kukueleza sababu, wewe ungefanya nini? Wewe mwenyewe Jumatatu, nilipokwambia hutakwenda, ulikwenda chumbani ukaanza kufunga sanduku.

Sisi tukahamia mjini. Watu wakadhani nimekimbia maneno. Nilikimbia paa la Kulwa. Kila mvua ya kwanza ikinyesha hapa Tabora nilikuwa nakaa barazani nikingoja mtu aje kunipa habari kutoka Goweko. Nikimwona mtu wa kule sokoni nilikuwa nageuza njia. Mwaka ule vijiji vilipounganishwa na watu wakahamishwa barabarani, wenzangu wengi walinung'unika kuacha matembe yao, mimi nilishukuru, nikasema labda Kulwa naye amehamishwa, labda yuko chini ya nyasi au bati. Hata hivyo sikuuliza. Ningeweza kuuliza na sikuuliza. Miaka kumi na mitano, mwanangu, nikiogopa jibu ambalo lilikuwa safari ya siku moja tu.

Sasa nisikilize kilichotokea Jumatatu baada ya wewe kwenda kulala na hasira zako. Mama yako aliuweka mkeka aliokuwa anausafisha, akaniambia, "Mwambie mtoto, au nitamwambia mimi."

Nikasema, "Nimwambie nini?"

"Habari za paa."

"Lile la mchwa?"

"Baba Nyamizi, nani alikuwa anapandisha maji kwenye paa lile kila jioni? Si mimi? Unadhani miaka yote hii mimi naamini mchwa?"

Ndipo akanieleza. Siku tuliyohama, wakati mimi nafunga mizigo, alikwenda kwa mke wa Kulwa. Akamwambia si mchwa, ni udongo na maji, na sisi wawili ndio tulioupandisha. Mke wa Kulwa hakungoja mumewe arudi. Alipanda na tumbo lake akapara mpaka kwenye nyasi. Kulwa aliporudi akaelezwa, akasema aachwe yule bwana aende zake, asitangaziwe. Wanakijua kisa changu tangu siku ile, na hawajakisema kwa mtu.

Nikamuuliza mama yako kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungeniuliza." Kisha akasema, na hapa alianza kulia, "Na mimi niliogopa. Ukijua nimejua, utaniuliza kwa nini sikukataa kubeba yale maji."

Tumeishi nyumba moja, tumekula sinia moja, kila mmoja akificha jambo lile lile. Usicheke. Au cheka, mimi mwenyewe nusura nicheke.

Unaijua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, inayoletwa kila mwaka, lile gunia dogo, mama yako akisema ni ya "mtu wa Goweko"? Ndiyo hiyo unayoipenda kutafuna ukisoma. Inatoka kwa mke wa Kulwa. Mtoto aliyekuwa tumboni siku ile ndiye siku hizi anayelima viazi vyenyewe. Nimekula michembe ya nyumba ile miaka kumi na mitano nikiwalilia moyoni kuwa huenda wamekufa. Mama yako amekufungia mingine katika kikapu, chini ya kanga, usiigawe yote kwa wenzako.

Haya ndiyo yaliyokuwa nyuma ya lile "Hutakwenda." Nilifanya kwako kile kile nilichomfanyia Kulwa. Nilipanda juu ya bustani yako na jembe, bila hodi, bila sababu, nikaogopa kusema neno. Na wewe ulifanya kile kile alichofanya yeye, ulirudisha udongo. Nilipokuona unafunga sanduku nilijua ningekupoteza kwa ukimya kama nilivyompoteza yeye.

Kwa hiyo nenda. Nimeliandika neno hilo, lisome mara mbili kama huamini. Nenda kabebe udongo. Nimekuwekea mbegu za bamia na mchicha katika kopo la majani ya chai, nimezinunua leo sokoni kwa mtu wa Goweko, sikugeuza njia. Aliniamkia vizuri tu.

Lakini bado naogopa, na sitakuficha hilo ili nionekane mwanaume. Ulisema ni zege. Zege nalijua, nimelimwaga mara nyingi kuliko mlivyosoma. Boriti ya mti hulia kabla ya kuvunjika, ilimwambia bibi yako na bibi yako akaniambia mimi. Zege halina sauti. Lina ufa mwembamba, lina doa la maji kwenye dari, na hayo huonwa na mtu aliyeko chini, siyo aliyeko juu na nyanya zake. Ulisema pia wahandisi wameliangalia. Labda. Na huenda ni hodari, sina sababu ya kuwadharau. Ila mimi nilikuwa na futi mfukoni siku zote zile, na watu wote kijijini walijua kwamba ninayo.

Sitaki uwe mwoga kama mimi. Woga wangu haukumwokoa mtu hata mmoja. Aliyemwokoa mke wa Kulwa ni mama yako, na alikuwa anaogopa vilevile, ila alikwenda akasema. Wala sitaki uwe mtu wa kuharibia wenzako furaha kila siku kwa maneno ya baba yako. Wewe panda, imba nao, piteni na madebe yenu. Watakapokuja wageni kupiga makofi, na watakuja, hapo ndipo nakuogopea zaidi, maana ni vigumu sana kushusha udongo ambao watu wamekwisha kuupigia makofi. Ikifika siku hiyo na wewe umeona ufa, sema. Waambie wenzako kwa nini, neno kwa neno, hata wakikuita mshamba wa Tabora. Ukishindwa kusema, niandikie mimi, nitapanda treni nije niseme mwenyewe. Nimeshazoea kuitwa majina.

Kesho stesheni watu watakuwa wengi na shangazi yako atalia kwa sauti, kwa hiyo hatutazungumza. Barua hii nitaiweka ndani ya kopo la mbegu, utaikuta njiani. Naogopa utakavyonifikiria ukishaisoma. Nimejaribu kuwaza uso wako na nimeshindwa. Ukiona ni vigumu kunisamehe, chukua muda wako, lakini usinyamaze, nakuomba. Nyumba hii imenyamaza vya kutosha.

Jambo moja tu nakutuma. Ukifika, kabla hujashika debe la kwanza, shuka ghorofa iliyo chini ya paa lile, bisha hodi chumba kwa chumba, uliza nani analala pale. Uliza na majina. Barua yako ya kwanza usinianzie kwa salamu wala habari za safari. Nianzie kwa majina hayo, yote, hata yakijaza ukurasa, nami nitayasoma nikiwa nimekaa hapa barazani. Ukiyajua majina yao utajua udongo unatosha wapi.

Mimi sikuuliza, kwa sababu nilidhani nawajua. Waliolala chini ya bustani yangu walikuwa wawili, na wote waliitwa Nyamizi.

Baba yako